Kabla Kaburi Halijafukiwa: Haki za Familia Kifo Kinapokuwa na Utata

Hakimu anayechunguza kifo hamfungi mtu jela. Hana mshtakiwa kizimbani, hasomi mashtaka, wala hatoi kifungo cha miaka. Kazi yake ni kujibu maswali machache: aliyekufa ni nani, alifia wapi, lini, na kilichomuua ni nini, na kama kuna mkono wa mtu, ni wa nani. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa mapema na kuona ni kupoteza nauli ya kwenda kortini. Lakini Kenya ina mafaili kadhaa ambayo wakubwa walikuwa wameshayafunga, na kikao hicho kisicho na mshtakiwa ndicho kilichoyafungua upya.

Chukua kisa cha Padri John Kaiser, Mmarekani aliyehudumu kwa miaka mingi Kisii na Trans Mara. Agosti 24, 2000 alipatikana amekufa kando ya barabara kuu karibu na Naivasha, amepigwa risasi kichwani. Wapelelezi wa FBI walioletwa kusaidia wakaandika kwamba alijiua. Kanisa halikukubali. Uchunguzi ukafunguliwa mahakamani, mashahidi wakaitwa mmoja mmoja, na mwaka 2007 Hakimu Maureen Odero akaitupilia mbali hoja ya kujiua: padri aliuawa. Aliyefyatua risasi hakujulikana, na hilo ni pigo. Hata hivyo, tangu siku hiyo kumbukumbu ya mahakama inasema aliuawa, na hakuna afisa anayeweza kusema vingine kana kwamba hakuna kilichoamuliwa.

Msingi wa jambo hili uko katika Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75, vifungu vya 385 hadi 388. Ni vifungu vifupi, na kazi vimewagawia watu watatu: mkuu wa kituo cha polisi, hakimu, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, yaani DPP.

Wa kwanza ni mkuu wa kituo. Akipata habari kwamba mtu amejiua, ameuawa, amekufa kwa ajali, amekufa katika hali inayotia shaka kuwa kuna aliyetenda kosa, au ametoweka na inaaminika amekufa, ni lazima amjulishe mara moja hakimu aliye karibu. Kisha polisi wafike mahali maiti ilipo na kuandika ripoti: majeraha, mifupa iliyovunjika, michubuko, alama zozote mwilini, na inavyoonekana zililetwa na nini. Ripoti hiyo hutiwa saini na kupelekwa kwa hakimu. Kama chanzo cha kifo hakijulikani, mwili unapelekwa kwa daktari.

Hapo kwenye kujiua panahitaji neno. Familia nyingi huwaomba polisi wasiandike kitu, kwa aibu au kwa kuhofia kwamba marehemu atanyimwa mazishi ya kanisani. Aibu hiyo inaeleweka, lakini mtu anayetaka kuficha mauaji hana kichaka kizuri kuliko kifo ambacho jamaa wenyewe wanataka kisizungumzwe. Na kwa wanaoogopa sheria: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Semeni mlichokikuta.

Kifo cha aliye mikononi mwa polisi au gerezani kina kanuni yake peke yake. Katika vifo vingine sheria inampa hakimu hiari, anaweza kuchunguza. Katika hiki hana hiari, ni lazima. Haijalishi familia imeambiwa kwamba marehemu alijinyonga kwa shati, alianguka bafuni au aliugua ghafla usiku. Juu ya hapo kuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo inapaswa kujulishwa na kuchunguza kila kifo kilichotokea katika kizuizi cha polisi au kilichosababishwa na kitendo chao. Usingoje polisi waijulishe IPOA. Nenda mwenyewe au andika barua, ipokelewe na kupigwa muhuri, na nakala ubaki nayo.

Juni 2025 nchi nzima iliona kwa nini tahadhari hiyo inahitajika. Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa Homa Bay na kufa akiwa katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili, miongoni mwao wakiwa waliosimama upande wa familia, wakaona kingine: jeraha la kichwa, dalili za kukabwa shingo, na majeraha sehemu nyingi za mwili ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Kesi ya mauaji ikafuata, na iachwe iende mkondo wake. Kinachotuhusu hapa ni kwamba maelezo ya kituoni yaliporomoka juu ya meza ya mpasuaji, siku chache tu baada ya kifo, kabla ya maziko.

Sasa tushuke kituoni. Usiondoke bila nambari ya OB, yaani nambari ya tukio lenu katika kitabu cha matukio cha kituo. Askari wa dawati anaweza kukuambia, "Tumeshaandika mama, nendeni mkazike, tutawaita." Mwombe kwa adabu akusomee alichoandika. Kama ameandika kifo cha ghafla na wewe umeona kisogo kimebonyea, sema hapo hapo na utake kuandikisha taarifa. Isome kabla ya kutia saini. Kama imeandikwa kwa Kiingereza usichokielewa, omba ufasiriwe. Nyumbani, mtu mmoja awe na daftari: tarehe, saa, jina la kila afisa mliyezungumza naye na nambari yake ya utumishi. Daftari hilo litaonekana kama mchezo wiki ya kwanza. Mwaka wa tatu, wakili akimuuliza shahidi ni saa ngapi gari la polisi lilifika, ndilo litakalomwokoa.

Kutoka kituoni twende mochari, na hapa sitaharakisha, maana ndipo kesi nyingi zinapopotea. Jambo la kwanza ni dawa. Wahudumu wa mochari huwa wepesi kuudunga mwili dawa ya kuuhifadhi, kwa nia njema tu, hasa kama friji ni mbovu. Dawa hiyo ikishaingia kwenye mishipa, kupima sumu au pombe kunakuwa kugumu sana. Mwambieni msimamizi waziwazi kwamba kifo hiki kina utata na mwili usidungwe kitu mpaka daktari aumalize.

La pili ni nguo. Nguo alizokufa nazo zisifuliwe, zisichomwe, zisigawiwe. Afadhali ziandikwe na kuchukuliwa na mpelelezi mbele yenu. Zikiwa zimebaki kwenu, zianikwe zikauke kivulini kisha zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa sababu mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani na damu ikaoza.

La tatu ni mashahidi wa utambuzi. Upasuaji hufanywa kwa ombi la polisi, na fomu yake ni ile ya polisi nambari 23A. Kabla daktari hajashika kisu, jamaa humtambua marehemu mbele yake na majina yao yanaandikwa. Mara nyingi tunawatuma vijana wenye moyo mgumu kwa kuwa wazee hawawezi kutazama. Mwaka wa pili kijana huyo yuko Doha analinda lango la hoteli, na korti inamsubiri. Wachague watakaopatikana. Tena wawe watu waliomjua marehemu vizuri, wanaoweza kumwambia daktari kwamba kovu la gotini ni la utotoni lakini ile alama ya kamba kwenye kifundo cha mkono hakuwa nayo Jumapili.

Familia inaweza kuomba daktari wake awepo wakati wa upasuaji. Kwa wasio na uwezo, shirika la IMLU la Nairobi limekuwa likileta wanapatholojia huru kwa miaka mingi, na Pwani mashirika kama Haki Africa na Muhuri huwasaidia jamaa kujua pa kuanzia. Muulizeni daktari ni sampuli gani amechukua (damu, ini, vilivyomo tumboni) na zinapelekwa maabara gani, maana ripoti ya mwisho husubiri majibu hayo, na sampuli inaweza kulala kituoni miezi bila kufika maabara. Ombeni nakala ya ripoti mapema, au angalau muandike alichosema daktari siku ile ile.

Kwa nini kung'ang'ania nakala? Septemba 1988 Mwingereza Julie Ward alitoweka Maasai Mara, na mabaki yake yakapatikana porini, yakiwa yameungua. Wakubwa wakashikilia kwamba aliliwa na wanyama. Daktari aliyechunguza mabaki alikuwa ameandika kwamba viungo vilikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti ilipotoka ilikuwa imebadilishwa, ionekane viliraruka na mifupa ikapasuka yenyewe. Maneno machache tu yalifutwa na mengine kuandikwa juu yake, na mauaji yakageuka kuwa kazi ya simba. Baba yake hakukubali, akalifuata jambo hilo mpaka uchunguzi wa mahakama wa 1989 ukaamua kwamba binti huyo aliuawa. Alikuwa na fedha na alikuwa na ubalozi nyuma yake. Mkulima wa Kinango hana. Ndiyo maana karatasi aliyonayo mkononi ina thamani kubwa zaidi kwake.

Pwani na kwingineko penye Waislamu kuna mvutano ambao viongozi wengi huukwepa. Sunna ni kumzika maiti mapema, na kupasua mwili kunawachoma watu rohoni. Polisi wanalijua hilo, na wapo wanaolitumia: "Mzikeni tu, Sheikh, sisi hatutaki kuwachelewesha." Njia iliyopo ni kuharakisha, si kuacha. Wazee wa familia na imamu waende pamoja kwa mkuu wa kituo, waombe mpasuaji aitwe siku hiyo hiyo, na wakishindwa wamfikie hakimu kwa ombi la dharura. Mwili unaweza kuchunguzwa asubuhi na kuzikwa baada ya Alasiri.

Na msiwasahau waosha maiti. Daktari anaweza kuwa hajaitwa, polisi wanaweza kuwa hawajafika, lakini mwosha maiti amemgeuza marehemu ubavu na ubavu, amepitisha maji kila mahali. Akiona tundu dogo chini ya kwapa au mbavu zinazocheza, asinyamaze kwa stara. Asitishe kuosha, amwite ndugu mkubwa wa marehemu na shahidi wa pili, wote watazame, kisha polisi waitwe. Kulinda siri ya maiti ni jambo jema; kumlinda aliyemuua ni jambo jingine.

Kama maziko yameshapita, mlango haujafungwa. Kifungu cha 387 kinampa hakimu uwezo wa kuamuru mwili ufukuliwe na kuchunguzwa akiona kuna haja. Msichimbe wenyewe, kufukua kaburi bila amri ni kosa, na ushahidi utavurugika. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako mwaka 2023 makaburi ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa yalianza kufichuka, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Watoto na watu wazima walipasuliwa, jamaa wakatoa sampuli za vinasaba, na miili ya kwanza ikakabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Udongo huficha mengi: ngozi huharibika, sumu nyingine hupotea. Lakini mfupa uliovunjwa hubaki umevunjwa.

Tuje kortini. Katika vifo ambavyo hakimu ana hiari, faili yenu inaweza kukaa kituoni mpaka iote ukungu. Hapo ndipo kifungu cha 388 kinapowafaa: DPP anaweza kumwagiza hakimu afungue uchunguzi, na anaweza pia kuagiza uchunguzi uliokwisha ufunguliwe tena kukiwa na haja ya kuendelea. Hivyo familia au wakili wake aandike barua kwa ofisi ya DPP katika kaunti, ataje jina la marehemu, tarehe, kituo, nambari ya OB, na sababu za kutilia shaka kifo hicho. Kurasa mbili zinatosha. Barua ya matusi dhidi ya polisi haiongezi uzito. Asiyeweza kumlipa wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Ndani ya chumba cha mahakama mambo huenda taratibu. Kiongozi wa mashtaka huwaita mashahidi: aliyemwona marehemu mwisho, aliyemkuta, daktari, mpelelezi. Wakili wa familia huruhusiwa kuwauliza maswali, na wakili wa polisi vilevile. Kwa kuwa hakuna mshtakiwa, shahidi huenda akajisahau na kuzungumza kama yuko barazani. Aseme alichokiona kwa macho yake tu. Anayeogopa kulipiziwa kisasi amwambie kiongozi wa mashtaka mapema, kwa kuwa liko Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, na si la kesi za wakubwa pekee.

Mwisho wa kikao kuna njia tatu. Hakimu akiona kosa limetendeka na mtendaji anajulikana, anatoa samansi au hati ya kumkamata, na kesi inaanza upya kabisa. Akiona kosa limetendeka lakini mtendaji hajulikani, anaandika maoni yake na kumpelekea DPP nakala. Asipoona kosa, anaandika hivyo na faili inafungwa. Hiyo njia ya kwanza ina mtego: kuanza upya maana yake ushahidi wote utatolewa tena, pengine mbele ya mahakama nyingine. Shahidi aliyelia kizimbani mwaka huu ataitwa tena. Msimpoteze.

Samantha Pendo alikuwa na miezi sita. Agosti 2017, katika vurugu za baada ya uchaguzi, polisi waliingia nyumbani kwao mtaa wa Nyalenda, Kisumu, na mtoto akapigwa kichwani mikononi mwa mama yake. DPP aliagiza uchunguzi wa mahakama, na Februari 2019 Hakimu Beryl Omollo akaamua kwamba polisi ndio wenye kubeba lawama. Mashtaka dhidi ya maafisa yalikuja kuidhinishwa mwaka 2022. Agnes Wanjiru, mama wa mtoto mchanga, alitoweka Nanyuki Machi 2012 na mwili wake ukapatikana katika tangi la maji machafu la hoteli. Novemba 2019 Hakimu Njeri Thuku aliamua kwamba aliuawa, na kwamba waliohusika ni mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza. Kisha kimya. Ni baada ya gazeti la Uingereza kuandika habari hizo mwaka 2021 ndipo mambo yalipochangamka, na Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata aliyekuwa mwanajeshi wa Uingereza. Ukihesabu miaka hiyo utakasirika, na una haki. Lakini hati ile haikutoka hewani. Ilisimama juu ya uamuzi wa hakimu wa Nanyuki.

Kenya ilitaka kulitengeneza jambo hili. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya makorona, yaani maafisa ambao kazi yao ni kuchunguza vifo bila kutegemea polisi ambao huenda ndio wanaoshukiwa. Miaka ikapita, huduma yenyewe ikabaki kwenye karatasi, na mahakimu wakaendelea na vifungu vile vya zamani. Majirani zetu Tanzania wana Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980, inayomtambua korona. Waliofiwa na jamaa Uingereza watakutana naye pia: kule England na Wales mwili hauruhusiwi kutolewa nje ya nchi kabla korona hajajulishwa, hivyo msimlaumu wakala wa mazishi mkiambiwa ndege itasubiri. Mwombeni korona ripoti kabla mwili haujafika nyumbani.

Limebaki kundi ambalo halina hata maiti ya kuosha. Mvuvi ametoka Kipini na mashua, kusi limevuma, mashua imeonekana tupu. Au kijana amechukuliwa usiku na watu wasiojulikana. Mapema mwaka 2022, miili iliyoopolewa katika Mto Yala ilipozagaa katika habari, familia kutoka mbali zilifika mochari ya Yala kuwatafuta watu wao. Kwa aliyetoweka, andikisheni OB, kisha zungukeni mochari, kwa maana mwili usiodaiwa hatimaye huzikwa pamoja na mingine kwa kibali cha mahakama. Sheria ya Ushahidi inamchukulia mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia. Miaka 7 ni mingi kwa mjane mwenye shamba lisiloweza kurithiwa na watoto wanaodaiwa karo. Uchunguzi wa hakimu unaweza kuifupisha: akisikiliza wavuvi wenzake na kuridhika, hakimu anaweza kupendekeza mtu huyo ahesabiwe amekufa hata kabla ya miaka hiyo, na kutaja tarehe. Pendekezo hilo huenda kwa DPP, kwa hiyo ulizeni nambari ya faili kortini siku kikao kinapoisha, na mwezi mmoja baadaye mwende kuuliza limefikia wapi.